Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito? Ichunguze kabla ya kununua mpya

Kompyuta mpakato iliyonunuliwa miaka sita au saba iliyopita ina mwisho unaofanana katika nyumba nyingi. Inaanza kwa kuchelewa kuwaka. Kisha inaganda mtoto akiwa katikati ya kazi ya shule. Betri inashindwa kufikisha hata nusu saa, na siku moja inapandishwa juu ya kabati na kusahaulika. Mtoto anapochaguliwa kwenda chuo, wazazi wanaanza kutafuta fedha za kununua nyingine.

Kwa kawaida fedha hizo zilikuwa na kazi yake. Zilikuwa za ada, za kodi ya chumba cha mwanafunzi au za kumalizia bati la nyumba. Ndiyo maana uamuzi wa kununua kompyuta mpya haupaswi kufanywa kwa hasira za mashine iliyoganda usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Kuna hatua moja ambayo familia nyingi huiruka, nayo ni kujua ni nini hasa kimechoka. Kompyuta mpakato ni mkusanyiko wa vifaa. Diski, betri, feni na chaja huchakaa kwa kasi tofauti, na kuchoka kwa kimoja huifanya mashine nzima ionekane imezeeka. Mara nyingi kilichochoka kinabadilishwa kwa bisibisi ndogo, juu ya meza ya chakula, kwa gharama iliyo mbali na bei ya kompyuta mpya.

Badala yake, dawa iliyozoeleka mtaani ni "kupiga Windows upya". Kompyuta ikiwa nzito inapelekwa kwa fundi, inafutwa kila kitu, inawekewa Windows nyingine na kurudi nyumbani ikiwa nyepesi. Baada ya wiki chache uzito unarudi, kwa sababu diski iliyochoka ni ileile. Familia inalipa mara ya pili, na pengine ya tatu. Mbaya zaidi, wapo wanaogundua baadaye kwamba picha za harusi au za bibi aliyekwishatangulia zilifutwa pamoja na Windows ya zamani.

Anza na uchunguzi wa bure

Kompyuta nyingi za nyumbani hutumia Windows, na ndani yake kuna kipimo kisichohitaji fundi. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la Task Manager litafunguka. Likiwa dogo, bonyeza palipoandikwa More details, kisha ingia Performance. Hapo utaona michoro ya CPU, Memory na Disk ikipanda na kushuka.

Sasa fungua vitu ambavyo mtoto hutumia kila siku, mfano kurasa nne au tano za intaneti, Word na video moja. Rudi kwenye dirisha lile uangalie kinachotokea.

Disk ikigonga asilimia 100 na kubaki hapo kwa muda mrefu huku CPU ikiwa chini, mgonjwa ni diski. Memory ikisimama kwenye asilimia 90 au zaidi, RAM haitoshi. Zikigonga zote mbili, huenda RAM ndogo ndiyo inayoitesa diski, kwa kuwa Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huazima nafasi kwenye diski.

CPU ikiwa juu wakati wote hata pasipo kazi kubwa, huenda kuna virusi, kuna programu inayofanya kazi kimyakimya, au prosesa yenyewe ni dhaifu. Hapo usikimbilie kununua kifaa chochote.

Dirisha hilohilo linakueleza mambo mengine mawili. Ukibonyeza Disk, utaona kama diski yako ni HDD au SSD. Ukibonyeza Memory, utaona palipoandikwa Slots used. Ikisomeka 1 of 2, maana yake kompyuta ina nafasi mbili za RAM na moja iko wazi.

Kwa afya ya diski, kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikiandika Good, diski iko salama. Ikiandika Caution au Bad, jiandae kuibadilisha. Ukisikia diski inatoa sauti ya kugonga, tik-tik-tik, acha kila kitu na uhamishe mafaili muhimu siku hiyohiyo.

Kwa betri, fungua Command Prompt na uandike powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipohifadhiwa. Linganisha namba mbili: Design capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full charge capacity, yaani uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 45,000 na ya pili ni 18,000, betri imebakiwa na asilimia 40 ya nguvu zake.

Andika majibu yote kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la modeli lililobandikwa chini ya kompyuta. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Mzazi aliye nayo haambiwi "tuangalie kwanza" na kutajiwa bei ya kubahatisha.

Okoa picha kabla ya kushika bisibisi

Kifaa kikiharibika kitanunuliwa kingine. Picha, vyeti vilivyoskaniwa na ripoti ya utafiti ya mtoto wa chuo havinunuliki. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje au flashi, na yale muhimu zaidi kuyaweka pia mtandaoni kwenye akaunti ya familia. Usiridhike na nakala moja, kwani flashi hupotea na hufa bila kuaga.

Fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala hiyo, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe yanafunguka. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huja hivyo. Ufunguo wa kuifungua huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Uandike pembeni, maana bila huo, diski ikiuliza siku moja hakuna fundi atakayeweza kusoma kilichomo.

Na hata ukiamua kumpelekea fundi, hamisha kwanza mafaili ya siri na utoke kwenye akaunti za barua pepe na benki. Si kwamba mafundi ni wezi. Kompyuta inayolala dukani siku tatu hupita kwenye mikono ya watu wengi.

Vumbi na joto huiba kasi

Kabla ya kununua chochote, sikiliza feni. Kama inapiga kelele muda wote na sehemu ya chini inachoma mapaja, huenda tatizo ni vumbi tu. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mtumiaji anaona kompyuta nzito, kumbe inajilinda.

Nyumba za kwetu zina vumbi la barabarani, nyuzi za mazulia na, karibu na bahari, hewa ya chumvi. Vyote hivyo hukusanyika kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto. Fungua mfuniko wa chini, shikilia feni kwa kidole isizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi laini au kopo la hewa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Kwa kompyuta iliyozidi miaka mitano, krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma chake huwa imekauka. Kuibadilisha si kazi ngumu, lakini inahitaji kufungua sehemu nyeti. Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza, mwachie fundi.

Tabia ya nyumbani nayo inachangia. Kompyuta inayowekwa juu ya godoro au mto huzibwa matundu yake ya hewa. Trei ya plastiki au kipande cha ubao chini yake kinatosha.

Diski ndiyo yenye mabadiliko makubwa

Kama uchunguzi umeonyesha diski yako ni HDD, hapo ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa kuliko popote pengine.

HDD ina sahani inayozunguka, kwa kompyuta mpakato nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaotembea juu yake kutafuta mafaili. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogomadogo yaliyotawanyika, na kila moja linataka mkono uhame. SSD haina kinachozunguka. Hufuata faili moja kwa moja lilipo. Kompyuta iliyochukua dakika mbili au tatu kuwaka huweza kuwaka chini ya nusu dakika, bila kubadilishwa kitu kingine chochote.

Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kwa kazi za shule na ofisi ndogo. Cha kuangalia ni umbo. Kompyuta za zamani nyingi hutumia SSD ya inchi 2.5, iliyo bapa kama kijitabu kidogo, inayoingia mahali palepale ilipokuwa HDD. Nyingine hutumia ya M.2, nyembamba kama kipande cha bigijii. Namba 2280 inayoandikwa juu yake inamaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

Hapa kuna mtego unaowapotezea watu fedha. SSD za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na kwa nje zinafanana. Kuna kompyuta zinazokubali moja tu kati ya hizo. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako kabla ya kulipa. Dell, HP na Lenovo huiweka miongozo hiyo bure kwenye tovuti zao, na ndani yake mna michoro ya kila skrubu.

Jihadhari pia na diski bandia. Flashi au SSD inayodai kubeba ukubwa wa ajabu kwa bei ya sahani ya chipsi mara nyingi ni ndogo ndani, imedanganywa namba. Programu ya bure ya H2testw huijaza yote na kukuambia ukweli. Kwa SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha imefanya kazi kwa saa ngapi. Mwombe muuzaji akufungulie mbele yako.

Baada ya kuweka SSD una njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Ya pili ni kuweka Windows upya kwa flashi ya GB 8 au zaidi iliyoandaliwa kwa programu ya Microsoft. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni yake huitambua bodi kuu, hivyo kubadilisha diski hakukulazimishi kununua leseni nyingine. Weka tu bando la kutosha, kwani upakuaji wake ni wa GB kadhaa.

Diski ya zamani usiitupe kama bado nzima. Inunulie kasha la USB, itakuwa diski ya nje ya kuwekea nakala za picha. Iliyoandikwa Caution usiiamini kwa chochote.

RAM: soma kabla ya kununua

Tofauti ya diski na RAM inaeleweka kwa mfano wa jikoni. Diski ni stoo, RAM ni meza ya kukatia. Meza ikiwa ndogo, mpishi hutembea kwenda stoo kila dakika. Kwa matumizi ya leo ya intaneti, RAM ya GB 4 ni meza finyu. GB 8 humtosha mwanafunzi wa kawaida. GB 16 ni kwa anayehariri video au kuchora ramani za majengo.

RAM za kompyuta mpakato zina vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5. Haziingiliani. Pengo dogo lililo kwenye meno yake limewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi ili mtu asikosee, kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe. Kompyuta inayotaka DDR3L, ambayo hutumia volti 1.35, inaweza kuikataa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Njia salama ni kutoa RAM iliyomo, kuipiga picha lebo yake na kununua inayofanana nayo.

Kabla ya hapo, angalia mambo mawili. Kwanza, ingia Settings, kisha System, kisha About. Ukiona Windows yako ni ya 32-bit, haitatumia zaidi ya GB 4 hata uiongezee vipi, mpaka iwekwe ya 64-bit. Pili, hakikisha RAM inabadilishika. Kompyuta nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na MacBook Air ni mmojawapo wa mifano. Hiyo haiongezwi.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa kuwa vituo vinavyoendesha akili mnemba vinanunua kumbukumbu kwa wingi. Ndiyo sababu nyingine ya kutonunua kabla ya kupima. RAM iliyotumika, ikitoka kwa muuzaji anayekubali kuirudisha, si vibaya, kwa sababu ni kifaa kisichochakaa haraka.

Betri na chaja: hapa pana hatari

Betri ya lithiamu hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa. Kwa kawaida baada ya mizunguko 300 hadi 500 upungufu huanza kuonekana. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni betri iliyovimba.

Dalili zake ni padi ya kipanya kuinuka au kukataa kubonyezeka, mfuniko wa chini kuachana, au kompyuta kuyumba ikiwekwa juu ya meza iliyonyooka. Ukiziona, zima kompyuta na chomoa chaja. Usiichaji tena. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, na usiiache chumbani wanapolala watoto. Ikitobolewa inaweza kushika moto ndani ya sekunde chache. Iondolewe na mtu mzima mwenye uzoefu, au ipelekwe kwa fundi ikiwa imezimwa. Kwenye jalala na moto wa kuchomea taka si mahali pake.

Kwenye chaja, soma lebo ya chini ya kompyuta na ya chaja. Volti lazima zilingane, mfano 19.5 kwa 19.5. Ampea za chaja ziwe sawa au zaidi ya zinazohitajika, zisiwe pungufu. Chaja inayoingia kwenye tundu si lazima iwe inayofaa. Na kwa maeneo ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kulinda umeme ni nafuu kuliko bodi kuu.

Kompyuta ikimwagikiwa chai, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, igeuze kifudifudi juu ya taulo, na toa betri kama inatoka. Usiitie kwenye mchele. Mchele hauondoi sukari na maziwa yaliyoganda kwenye bodi, unaongeza vumbi tu. Mpelekee fundi aisafishe kabla ya kujaribu kuiwasha.

Kufanya kazi na watoto mezani

Kazi yenyewe haitaki karakana. Inataka bisibisi ndogo za nyota, kadi ya plastiki iliyokwisha muda wa kuachanisha mfuniko, taa nzuri na meza isiyo na zulia chini. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja na, ukishafungua, tenganisha betri kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke.

Skrubu ndizo zinazowaumbua wengi. Hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi au kupasua mfuniko. Trei ya mayai inasaidia sana: kila shimo na skrubu za sehemu yake, lenye namba. Hiyo ni kazi ya kumpa mtoto wa darasa la nne au la tano. Mkubwa apige picha kila hatua kabla chochote hakijachomolewa. Sehemu ya betri abaki nayo mzazi.

Kwa anayependa kuona picha kuliko kusoma, tovuti ya iFixit ina miongozo ya bure ya maelfu ya vifaa. Ilianzishwa 2003 na wanafunzi wawili wa chuo huko California, Marekani, Kyle Wiens na Luke Soules, baada ya kushindwa kupata mwongozo wa kutengeneza kompyuta yao wenyewe.

Sheria moja ya mezani: kitu kikikataa kutoka, simama. Karibu kila mara kuna skrubu iliyofichwa chini ya mpira au stika. Nguvu huvunja, mwongozo hufungua.

Windows gani baada ya matengenezo?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi kama zamani. Kwa mashine inayotumika kufanyia miamala ya benki, hilo ni jambo la kuzingatia.

Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha 8 au baada ya hapo. Kizazi hutambulika kwenye namba: i5-8250U ni cha 8, i5-6300U ni cha 6.

Kompyuta isiyofikia hapo bado ina njia. Linux Mint ni mfumo wa bure unaopata masasisho ya usalama, na wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 4 tu. Huja na LibreOffice, inayofungua na kuandika mafaili ya Word na Excel. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ila uliza kwanza: kama chuo kinadai programu fulani inayofanya kazi kwenye Windows pekee, jibu hilo liamue.

Mahali pa kusimama

Si kila kompyuta inafaa kuokolewa. Bodi kuu iliyokufa, kioo kilichopasuka pamoja na bawaba zilizovunjika, au prosesa dhaifu iliyokuwa nzito tangu siku ya kwanza, ni dalili za kuacha.

Kipimo chepesi ni hiki. Uliza bei ya kompyuta iliyotumika ya daraja lilelile ikiwa nzima. Kisha jumlisha gharama ya vifaa vyote unavyohitaji. Jumla ikivuka nusu ya bei ile, usiendelee. Chukua diski na RAM, vinaweza kufaa kwenye nyingine.

Anayenunua iliyotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi, atazame zaidi zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Lenovo ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G3. Hizi mbili zina nafasi mbili za RAM na diski inayobadilishika, hivyo hazimfungii mnunuzi njia miaka mitatu baadaye. Ifanyie Task Manager na ripoti ya betri palepale dukani kabla ya kutoa fedha, na risiti iandikwe modeli, namba ya mashine na siku za kurudisha.

Vilivyokufa kabisa vina nafasi yake pia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mafundi wengi hupokea kompyuta mbovu kwa ajili ya vipuri. Toa diski yako kwanza.

Kazi ikiisha, bandika ndani ya mfuko wa kompyuta kikaratasi mfano wa kadi ya kliniki ya mtoto: modeli, aina ya RAM, aina ya diski, kilichobadilishwa na tarehe yake. Mwanafunzi atakapopata tatizo akiwa chuoni, mbali na nyumbani, atampigia simu mzazi akiwa na la kusoma, na fundi wa huko hataanza upya.